Spitfire ya Chumbani: Ugumu Si Uhalisia

Leo tunazungumzia ndege. Tena ndege za kivita za zamani, za pangaboi, zile za Vita Kuu ya Pili. Lakini hatuendi uwanja wa ndege. Tunaingia chumbani kwa kijana wako.

Unamjua. Amefunga mlango, ameshika jostiki, macho ameyakaza kwenye skrini, na humo ndani kunanguruma injini. Ukimwuliza, wewe unafanya nini, anakujibu bila kutabasamu: narusha Spitfire. Mwambie aache michezo uone atakavyonuna. Atakwambia huu si mchezo, hii ni simuleta, na ndege hii inaruka vilevile kama ilivyoruka mwaka 1943.

Je, ni kweli? Hilo ndilo swali letu la leo. Ndege ya kivita ya zamani ikiingizwa kwenye kompyuta, inautii mkono kama ile ya chuma na petroli?

Jibu langu nakupa mapema, msikilizaji, kisha tulichambue pamoja. Kwa upande wa hesabu, ndiyo, na kwa kiasi cha kushangaza. Kwa upande wa mkono na mwili, bado sana. Halafu kuna dhana moja imewakaa vichwani wapenzi wa simuleta: kwamba ndege ikiwa ngumu kurusha, basi hiyo ndiyo ya kweli. Mimi nasema ugumu si uhalisia. Liweke hilo, tutalirudia.

Tuanze na hesabu, maana hapo watengenezaji wa simuleta wanastahili heshima yao.

Mtu anayetengeneza ndege ya kompyuta huanza na makaratasi. Wakati wa vita Waingereza walizipima ndege zao, na za adui walizozikamata, huko Farnborough na Boscombe Down. Wajerumani walikuwa na kituo chao cha majaribio Rechlin. Wamarekani walikuwa na NACA, taasisi iliyokuja kuizaa NASA. Waliandika kila kitu: ndege inapanda haraka kiasi gani, inahitaji nafasi gani kukata kona, bawa lake linaacha kubeba kwenye mwendo upi. Makaratasi hayo ndiyo yaliyolisha programu kama IL-2 Sturmovik, iliyotolewa mwaka 2001 na Oleg Maddox na wenzake huko Urusi, na DCS World ya Eagle Dynamics, yenye Mustang, Spitfire na Messerschmitt zilizotengenezwa kwa uangalifu mkubwa.

Uangalifu wa namna gani? Chukua Mustang ya Marekani, P-51D. Nyuma ya kiti cha rubani palikuwa na tangi la petroli la lita zaidi ya 300. Tangi hilo likijaa, mkia unakuwa mzito, na ndege inakosa utulivu kwenye kona kali. Ndiyo maana marubani walilitumia mapema, kabla ya kukutana na adui. Kwenye simuleta nzuri, lijaze tangi hilo halafu uingie kwenye mapigano moja kwa moja, utaona mwenyewe kitakachokupata.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa kabureta. Tulieni niwasimulie.

Mwaka 1940, katika mapigano ya angani juu ya Uingereza, Spitfire na Hurricane za Waingereza ziliendeshwa na injini ya Rolls-Royce iitwayo Merlin. Injini hiyo ilivuta petroli kupitia kabureta yenye boya. Rubani akisukuma pua ya ndege chini kwa ghafla, petroli hurushwa juu ndani ya kabureta, injini inakosa mafuta, kisha inafurika mafuta, inakohoa, na kwa sekunde chache haina nguvu. Messerschmitt 109 ya Mjerumani haikuwa na tatizo hilo, kwa sababu injini yake ya Daimler-Benz ilipulizia petroli moja kwa moja kwenye silinda. Kwa hiyo Mjerumani akifukuzwa alifanya nini? Alisukuma usukani mbele, akapiga mbizi, akaenda zake. Mwingereza aliyetaka kumfuata ilimbidi kwanza aipindue ndege tumbo juu, ndipo ashuke.

Aliyepunguza tatizo hilo ni mhandisi mwanamke wa Farnborough, Beatrice Shilling, mtu ambaye alikuwa amekwisha kuzunguka uwanja wa mashindano wa Brooklands kwa pikipiki kwa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Alibuni kizuizi kidogo chenye tundu, kinachopitisha petroli ya kuitosha injini bila kuifurisha. Kuanzia mwaka 1941 yeye na mafundi wachache walizunguka viwanja vya jeshi wakivifunga vizuizi hivyo kimoja kimoja.

Sasa rudi chumbani kwa kijana. Mpe Spitfire ya mwanzo kwenye simuleta iliyotengenezwa vizuri. Mwambie asukume jostiki mbele kwa nguvu. Injini itakohoa. Hakuna aliyemfundisha habari za kabureta, lakini baada ya adui kumponyoka mara kadhaa ataanza kuipindua ndege kabla ya kushuka, kama walivyofanya vijana wa mwaka 1940. Huo ni uhalisia wa daraja la kwanza. Na angalia, haukuja kwa kuifanya ndege iwe ngumu. Ulikuja kwa kuuacha udhaifu wake ubaki ulivyokuwa.

Basi hesabu tumeipa haki yake. Sasa tuje kwenye mkono, na hapa ndipo mambo yanapoharibika.

Mwezi Juni 1942 rubani wa Kijapani, Tadayoshi Koga, alijaribu kuitua ndege yake aina ya Zero kwenye kisiwa cha Akutan, huko Alaska, baada ya kupigwa risasi. Kutoka juu aliona majani, kumbe chini yake ni tope. Ndege ilipinduka, naye akafa. Wamarekani waliikuta ndege ikiwa karibu nzima, wakaisafirisha hadi San Diego, wakaitengeneza, na kufikia Septemba walikuwa wanairusha. Hadi hapo Zero ilikuwa inaogopwa: nyepesi, inakata kona kuliko ndege yoyote ya kwao. Majaribio yakaonyesha nini? Kwamba ikivuka kama kilomita 370 kwa saa, usukani wake wa kulalia upande unakuwa mzito mno, na kulala upande wa kulia kunakuwa kugumu kuliko kushoto. Tena nayo injini yake ilikatika ikisukumwa pua chini. Marubani wa Marekani wakapewa ushauri mfupi: Zero ikiwa nyuma yako, piga mbizi, ongeza mwendo, kisha lala kulia. Haitakufuata.

Udhaifu huo wa kulala upande, msikilizaji, haukuwa kwenye injini wala kwenye bawa lenyewe. Ulikuwa kwenye msuli wa mkono wa rubani. Upepo unavyopita kwa kasi ndivyo unavyokibana kibawa cha kuilaza ndege upande, na ndivyo usukani unavyogoma. Sasa jiulize: jostiki ya kijana wako ina nini ndani? Ina springi. Springi ileile, yenye uzito uleule, ndege ikiwa imesimama au ikishuka kwa mwendo wa kutisha.

Watengenezaji wamelizungukaje tatizo hili? Wamebuni rubani wa kufikirika mwenye nguvu za mkono zilizopimwa. Mwendo ukizidi, wewe unavuta jostiki mpaka mwisho, lakini ndani ya kompyuta rubani huyo anauvuta usukani nusu tu, kwa sababu nguvu zake zimeishia hapo. Ni ujanja mzuri, nao unaleta matokeo sahihi. Ndege inakataa pale ilipokataa kweli. Ila wewe mwenyewe huhisi kukataliwa. Unaona tu kwenye skrini kwamba kuna kitu hakiendi, na mkono wako hauna habari.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni wepesi. Spitfire ilikuwa na usukani mwepesi sana wa kuinua na kushusha pua. NACA walipoipima mwaka 1942 waliona kwamba kwenye mwendo wa kasi rubani alihitaji kuvuta usukani chini ya inchi moja tu hadi bawa lifike ukomo wake wa kubeba. Chini ya inchi moja! Na huo ni usukani wa kweli, ulioota sakafuni kati ya magoti, wenye urefu wa kutosha. Jostiki ya mezani ni fupi mno kulinganisha na huo. Inchi moja ya Spitfire inageuka kuwa mtikisiko wa kidole. Ndiyo maana wengi huingia kwenye mipangilio ya programu na kupunguza ukali wa jostiki pale katikati, na ndiyo maana wapo wanaowacheka wakisema mnajirahisishia. Mimi nipo upande wa wanaopunguza. Hawaifanyi ndege iwe rahisi. Wanaurudishia usukani urefu wake.

Nirudie hapo, kwa wale waliofungua redio sasa hivi: ugumu si uhalisia.

Tukitoka mkononi tunafika mwilini, na hapa nataka unifuate polepole. Ndege yenye injini kubwa puani ikianza kukimbia kwenye njia ya kurukia, haiendi moja kwa moja. Nguvu ya pangaboi huivuta pembeni. Spitfire ya injini ya Merlin huvutwa kushoto. Ile ya baadaye yenye injini ya Griffon, ambayo pangaboi lake lilizunguka kinyume, huvutwa kulia. Kazi ya rubani ni kuirudisha kwa miguu, kwa kukanyaga pedali. Je, anajuaje kwamba imeanza kuvutwa? Kwenye ndege ya kweli nyonga hujua kwanza. Kiti kinasogea chini yako, na mguu unajibu kabla jicho halijaona kitu. Chumbani kiti hakisogei. Unangoja jicho lione pua imekwenda upande, mguu unachelewa kujibu, unakanyaga kupita kiasi, ndege inakwenda upande wa pili, unakanyaga tena, na baada ya sekunde kumi upo kwenye majani na bawa limevunjika.

Umewahi kushuka ngazi mguu ukiwa umekufa ganzi? Ngazi ni zilezile ulizozishuka asubuhi. Lakini sasa unaitazama kila ngazi, unaupeleka mguu kwa macho, na bado unapepesuka. Mtu akikuona anaweza kudhani ngazi zina matatizo. Hivyo ndivyo alivyo rubani wa chumbani. Anarusha ndege mwili ukiwa umekufa ganzi, halafu anahitimisha kwamba Spitfire ilikuwa mnyama mkali.

Na hapa kuna kichekesho kidogo. Edwin Link wa Binghamton, jimbo la New York, alitengeneza mashine yake ya kufundishia marubani kwenye kiwanda cha baba yake cha kutengeneza vinanda vikubwa vya majumba ya sinema, miaka ya mwisho ya 1920. Alitumia viriba vya hewa vya vinanda hivyo ili mashine hiyo iiname, iinuke na kugeuka. Jeshi la Marekani lilinunua mashine 6 mwaka 1934 baada ya marubani wake kadhaa kufa wakisafirisha barua kwenye hali mbaya ya hewa. Mashine ile haikuwa na picha hata moja ya mbingu. Lakini iliinama! Kompyuta ya leo inakuchorea kila wingu na kila msumari wa bawa, na kiti chako hakitikisiki.

Sasa, mtu ataniuliza: wewe unajuaje kwamba ndege zile hazikuwa ngumu kiasi hicho? Swali zuri. Tuwatazame waliozirusha.

Wa kwanza alitokea kwetu huku. Roald Dahl, yule ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi maarufu wa vitabu vya watoto, alikuwa Dar es Salaam akifanya kazi kampuni ya mafuta ya Shell. Vita vilipoanza mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza, akafundishwa kuruka kwa Tiger Moth, ndege ndogo ya mabawa ya ghorofa. Alikuwa mrefu karibu mita 2, kichwa kikitokeza juu ya kioo cha mbele. Baadaye akapewa Gladiator, ndege ya kivita ya kiti kimoja. Nani alimfundisha kuirusha? Hakuna. Ndege ina kiti kimoja, mwalimu atakaa wapi? Alianguka nayo jangwani Septemba 1940, lakini ni kwa sababu giza lilimkuta akiutafuta uwanja ambao hakuuona. Ndege yenyewe haikuwa imemshinda. Mwaka uliofuata alikuwa Ugiriki, anapigana kwa Hurricane, akiwa na saa chache mno za kuizoea.

Wa pili ni Mary Ellis. Huyu hakuwa askari wa mapigano. Alikuwa kwenye kikosi cha raia, ATA, kilichokuwa kinachukua ndege viwandani na kuzipeleka kwenye viwanja vya jeshi. Wanawake 168 walirusha ndege kwenye kikosi hicho. Asubuhi unakabidhiwa karatasi yenye ndege za siku hiyo, na huenda mojawapo hujawahi hata kuiona. Unafungua kijitabu cha kadi kinachokupa mambo makuu ya kila aina ya ndege, unasoma, unapanda, unaondoka. Mary Ellis alipeleka ndege kama 1,000 za aina 76, na kati ya hizo Spitfire zilikuwa karibu 400. Alifariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 101.

Hebu tafakari hapo. Kama Spitfire ingekuwa inaingia majanini kila mara mtu anapoongeza nguvu ya injini, kijitabu cha kadi kingetosha? Sisemi hawakuanguka. Walianguka, na wengine walikufa. Na Messerschmitt 109, yenye miguu iliyokaribiana, ilivunjika mara nyingi wakati wa kupaa na kutua. Lakini ndege zile zilibuniwa ili vijana wa miaka 20 wenye mafunzo ya haraka waweze kuzirusha. Jeshi haliwezi kupigana vita kwa ndege inayohitaji bingwa.

Kuna ugumu mwingine wa kubuni ambao unaniudhi zaidi. Kitabu cha rubani wa Spitfire kiliruhusu nguvu ya juu kabisa ya injini kwa dakika 5. Baadhi ya simuleta zikachukua namba ile zikaifanya hukumu: dakika 5 zikipita, injini inakufa. Jamani! Kikomo kile kiliwekwa ili injini idumu, mafundi wasiibadilishe kila wiki. Rubani aliyekuwa na adui mgongoni hakuwa anatazama saa, na injini haikuwa na saa ya kumtazama yeye. Ingepata joto, ingechakaa, pengine ingeharibika siku nyingine mikononi mwa mtu mwingine. Watengenezaji wengine wamelirekebisha hilo, na wamefanya vizuri.

Mtu mwingine atasema, basi tuwaulize marubani wanaorusha Spitfire zilizobaki leo. Tuwaulize, ndiyo, na watengenezaji huwauliza. Lakini nao tuwasikilize kwa akili. Ndege hizo leo hazibebi bunduki, risasi wala mabamba ya kumkinga rubani, kwa hiyo ni nyepesi. Zina thamani kubwa kiasi kwamba hakuna anayeisukuma injini hadi mwisho wala kuizungusha ndege mpaka bawa liache kubeba karibu na ardhi. Wanachokijua vizuri ni ndege inayorushwa kwa adabu. Waliozijua zikirushwa kwa hofu ya kifo karibu wote wameondoka. Eric Brown, rubani wa majaribio wa Uingereza aliyerusha aina 487 za ndege, zikiwemo za Wajerumani zilizotekwa, alifariki mwaka 2016. Pale ambapo makaratasi ya vita yalipotea au kuchomwa, na hakuna shahidi, mtengenezaji hukisia. Hasa pale ndege inapopoteza udhibiti na kuzunguka ikianguka. Kwa hiyo ukiona watu wanagombana hadi usiku kwamba Messerschmitt ya programu hii ni ya kweli kuliko ya programu ile, mara nyingi wanagombania makisio mawili.

Basi, mzazi unayenisikiliza, na wewe kijana uliyefungua mlango kidogo ili usikie, nina ombi. Kabla ya kununua kompyuta kubwa zaidi, nunua pedali za miguu. Ndege za zamani ziliendeshwa kwa miguu kama zilivyoendeshwa kwa mikono, na kupindisha jostiki badala ya kukanyaga hakuwezi kukufundisha hilo. Ukiweza kupata kipande cha kurefusha jostiki, kifunge, uiweke sakafuni kati ya magoti. Miwani ya VR ikipatikana, itakusaidia kutua, kwa sababu macho yataanza kuhisi umbali wa ardhi. Na usianze na Spitfire. Anza na Tiger Moth, kama alivyoanza Roald Dahl kule Nairobi.